Paa gumu kwenye boti ya mwendo: plaiwudi, povu gumu, faiba tupu, au nirudi kwenye turubai?

Ngalawa24
Wakuu, habari za majukumu. Nina boti ya faiba futi 24, mashine mbili za nguvu farasi 115, nabebea wageni kwenda visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Turubai limechanika mara ya pili kusi hili, na safari hii liliondoka na bomba moja la alumini. Sasa boti iko uani nyumbani Kunduchi, juu ya trela, nataka nijenge paa gumu mwenyewe, mita 2 kwa 1.8. Resini, ile gundi ya faiba, si mgeni nayo kabisa, nimeshaziba nyufa na kubadilisha ubao wa tezi (wa nyuma ya boti). Niko njia panda: plaiwudi ya mm 12 niivike faiba pande zote, povu gumu katikati ya faiba, au faiba tupu mm 5? Mpwa wangu yeye anataka tufunike kila kitu kwa kioo cha plastiki kama ndege ya kivita. Nipeni ukweli.

Fundi_Mkwaju
Anza na mizani, mkuu. Paa lako ni mita mraba 3.6. Plaiwudi ya mm 12 peke yake ni kama kilo 7 kwa mita mraba. Weka mati (mikeka ya nyuzi za faiba) mbili za gramu 450 kwa mita mraba juu na moja chini, unafika kilo 40 na ushee. Povu gumu la PVC la unene huohuo ni kama kilo moja tu kwa mita mraba, kwa hiyo paa zima litacheza kwenye kilo 20 hivi. Faiba tupu ya mm 5 haipungui 25, na bado itanesa, maana ugumu unatoka kwenye unene: kitu kikiwa kinene mara mbili, kinakuwa kigumu mara nane. Kilo 40 juu ya vichwa vya watu, siku ukikata kona kwa kasi utazihisi kiunoni.

Kasa_wa_Nungwi
Mie nilitia plaiwudi, na uzito haukunisumbua sana. Kilichoniua ni matundu. Nilitoboa pa taa, pa antena, pa vishikio, silanti ya kuziba maji nikapaka juu juu. Maji yakaingia polepole, mbao ikaoza ndani huku nje panang'aa kama sahani. Nilijua siku kishikio kilipong'oka na kubaki mkononi. Na ukienda dukani usidanganywe na jina la marinibodi, hiyo ni ya kumwagia zege. Ule utando wake wa kahawia resini haiushiki.

Fundi_Mkwaju
@Kasa kasema kweli, ila marinibodi usiitupe. Ndiyo kalibu yako! Utando huohuo usioshika resini ndio unaoutaka. Unganisha mbili, ziba kiungo, weka mbao pembeni ubao upinde sentimita 5 hivi ili mvua isituame, kisha paka nta mara tano au sita ukifuta kila mara. Halafu jelikoti (lile tabaka la nje linalong'aa), mati mbili, povu, mati ya mwisho. Kila mati itakula karibu kilo 4 za resini kwa eneo hilo. Ukingo ukunje kwenda chini sentimita 5, unaongeza ugumu kuliko mati nyingine nzima.

Mwana_Mtwapa
Hilo povu liwe la PVC kweli. Mimi ujanja wa kubana pesa ulinipeleka nikaokota maboksi meupe ya samaki, nikayakata vizuri, nikamimina resini ya poliesta. Ndugu zangu, liliyeyuka nikiliangalia! Nikabaki na mashimo na uji wa kunata. Styrini iliyomo kwenye resini ndiyo inayolila. Epoksi hailili, lakini epoksi bei yake ni kilio kingine, na jelikoti ya kawaida haipendi kukaa juu yake.

Mzee_wa_Maskati
Wanangu, nyote mnazungumza dari, hakuna aliyetaja upepo. Turubai lake halikuchanika kwa ubovu wa kitambaa. Fanyeni hesabu: upepo wa noti 25 (noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa) unasukuma kama kilo 10 kwa kila mita mraba inayoukabili. Boti ikienda noti 30 dhidi ya kusi la noti 20, hizo ni 50, na msukumo haukuwa mara mbili, umekuwa mara nne: kilo 40. Sasa omo, yaani mbele ya boti, ikiinuka juu ya wimbi, upepo unaingia chini ya lile paa. Mita 3.6 zikishika upepo wote huo ni zaidi ya kilo 140 zinazotaka kuruka. Turubai linapasuka, mambo yanaisha. Paa gumu halipasuki, linang'oa sitaha.

Kwa hiyo fikiria miguu kwanza, paa baadaye. Bomba la chuma cha pua 316, mm 38, na vishikizo vya mshazari pande zote mbili. Kila mguu bolti nne za M8 zipenye mpaka chini ya sitaha, na huko chini uweke kipande kinene cha faiba kugawa nguvu. Usiweke sahani ya alumini na bolti za chuma cha pua, chumvi itaila alumini. Skrubu za mbao ukiziona, zitupe baharini.

Fundi_Mkwaju
Shikamoo mzee. Naongezea: pale bolti zinapopita kwenye paa, toa povu, jaza resini yenye nyuzi. Ukikaza juu ya povu tupu linabonyea.

Pwani_Seattle
Kuhusu mpwa na ndege ya kivita: huku kila kiangazi kuna mbio za boti Ziwa Washington, na zile boti kubwa kweli dereva anafunikwa kwa kifuniko cha mtindo wa F-16. Lakini sakafuni kuna mlango wa kutokea, maana boti ikipinduka sakafu ndiyo inakuwa juu, na dereva ana mtungi wa hewa na mikanda. Ninyi mna wageni wenye maboya na watoto. Mpwa atulie.

Ngalawa24
Mpwa kasoma, kanuna. Asanteni wote, shikamoo mzee. Povu gumu, basi, na kesho naanza na miguu.

*(wiki tatu baadaye)*

Ngalawa24
Wakuu, miguu imekaa, nimening'inia nayo mimi na jirani, haikutikisika. Paa limetoka kwenye kalibu leo, kilo 23. Jelikoti safi. Nilianza saa 12 na nusu asubuhi, hadina (dawa ya kugandisha) mililita 10 kwa kilo ya resini, na hata hivyo kopo la tatu liliganda mkononi likawa la moto. Swali: upande wa ndani mati ya mwisho bado inanata, siku ya nne sasa. Nimekosea kipimo?

Fundi_Mkwaju
Hukukosea. Resini ya kulazia mati haina nta, hewa inaizuia kukauka juu. Futa kwa asetoni, kwaruza kwa msasa, kisha paka mkono mmoja wa resini yenye nta. Na vaa barakoa ya kemikali, si ile ya kitambaa.

Ngalawa24
Ile ya kitambaa ndiyo niliyokuwa nayo wiki zote tatu.

Kasa_wa_Nungwi
Ndio maana ulikuwa unajibu saa nane za usiku.