Malalamiko: Majibu ya kipimo cha figo yameandikwa "kawaida" wakati figo za mama zinazidi kuchoka

Ndugu wanajukwaa, nina karatasi mbili za majibu ya mama yangu, moja ya mwaka jana na nyingine ya juma lililopita, zote kutoka hospitali moja ya binafsi hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja, na zote zimeandikwa kwa kalamu neno lile lile: "kawaida". Mama ana kisukari na shinikizo la damu. Mwaka jana kreatinini yake ilikuwa 1.1, safari hii ni 1.2, na kwa kuwa karatasi imechapwa kiwango kimoja cha watu wazima wote, 0.6 hadi 1.3, hakuna aliyeshtuka.

Kreatinini ni taka itokanayo na misuli, na bibi mwembamba wa Mbagala hana misuli ya kijana anayebeba magunia Kariakoo. Ndiyo maana namba hiyo hukokotolewa pamoja na umri na jinsia ili kupata kasi ya figo kuchuja damu. Nimeikokotoa mwenyewe kwa simu, kwa kanuni iliyoboreshwa mwaka 2021: kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye 1.2 anapata takriban mililita 86 kwa dakika, ilhali mama, mwenye miaka 68, anapata 49. Mwaka jana alikuwa na 55. Kasi ikibaki chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo.

Na "68 KE" imeandikwa juu kabisa ya karatasi hiyo hiyo! Mwaka mzima dirisha lao la dawa limeendelea kumpa diklofenaki ya maumivu ya magoti, dawa ambayo mwenye figo dhaifu huonywa aiepuke. Nilipouliza maabara, nilijibiwa kwamba hesabu hiyo hufanywa daktari akiiomba. Daktari naye akasema yeye husoma kilicholetwa na maabara. (Malipo hayakusubiri kuombwa na yeyote.) Mkojo wake haujawahi kupimwa protini hata mara moja, ingawa kwa mwenye kisukari dalili mara nyingi huanzia huko.

Jumatatu nampeleka kwingine kurudia vipimo vyote. Anayeijua maabara ya hapa mjini inayoandika kasi ya uchujaji bila kubembelezwa, tafadhali anielekeze.