MJADALA: Majani makavu chuoni yafagiliwe na kuchomwa, au yaachwe chini ya miti?

Wadau, katika vyuo vyetu vingi kukicha tu fagio za chelewa zinaanza kazi. Majani yote yanakusanywa, yanapigwa kiberiti nyuma ya jengo, ardhi inabaki tupu, na tunaridhika kwamba pamesafishwa. Mimi napinga, na ninapinga kwa nguvu zote.

Chukueni Mlimani, Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia mwaka 1964 kutoka Mtaa wa Lumumba. Pale ni kilima kweli. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tone likigonga udongo ulio wazi linaupondaponda, vitundu vinaziba, maji hayazami tena; yanateremka na mchanga hadi mitaroni. Penye majani makavu tone linatua kwanza juu ya majani, maji yanapenya taratibu, na mchwa na minyoo wanarutubisha bila kulipwa. Ukiyachoma, naitrojeni inakwenda na moshi. Halafu tunanunua samadi ya bustani!

Njia na mazingira ya hosteli yafagiliwe. Chini ya miti, acheni. Na tukipanda, tukumbuke mvule na mkongo, miti ya asili ya pwani yetu, si mijohoro peke yake.

Mlezi wa hosteli: Mwanangu, unasema hivyo kwa sababu hujaitwa saa nane usiku na mabinti wanaolia kuna nyoka. Vichaka na majani ndiyo maficho yake.

Mleta mada: Shikamoo mama. Hofu yako ni ya haki, ndiyo maana hosteli nimezitenga. Ila nyoka anafuata panya, na panya anafuata makombo tunayotupa dirishani. Fagio la chini ya mwembe halitaliondoa tatizo hilo.

Mwanafunzi, mwaka wa pili: Na mbu je? Homa ya dengi ya 2014 na 2019 hapa Dar tumeisahau?

Mleta mada: Mbu wa dengi anataga kwenye maji yaliyotuama: makopo, tairi, vifuu, ndoo. Hivyo viokotwe kila siku, hata palipoachwa majani. Jani lililolala chini halitunzi maji ya kutosha kulea viluwiluwi.

Msimamizi wa usafi: Mnabishana pembeni. Mimi nafanya kazi kwa mkataba. Mkaguzi akiona majani, anaandika "pachafu", malipo yanakatwa, na anayeumia ni mama aliyefagia tangu alfajiri. Msimwambie yeye aache majani. Waambieni wanaoandika zabuni.

Mleta mada: Hapo umegusa kiini, kaka. Basi zabuni ijayo itaje wazi maeneo ya kufagia na ya kuacha, ipige marufuku kuchoma, na kazi ya mashimo ya mboji, ya kuozeshea majani yaliyofagiliwa, ilipwe kama kazi, kwa mama hao hao, asipunguzwe hata mmoja.

Msimamizi wa usafi: Ikiandikwa hivyo, mimi niko tayari. Lakini shimo la mboji linataka kugeuzwa na kumwagiwa maji kiangazi. Bei yake iwekwe humo humo tangu mwanzo.