Naomba ushauri: mama ana saratani ya kongosho, sukari haitulii

Assalam aleikum ndugu zangu. Mamangu, tuko Kisauni, anaugua saratani ya kongosho na sukari juu yake. Anadungwa insulini, na kila mlo anameza vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula maana kongosho haitoi vya kutosha. Shida ni hamu ya kula. Jana alishadungwa, akamega hamri na mbaazi vijiko viwili, akasukuma sahani. Baadaye jasho linamtiririka, mikono yatetemeka, kipimo cha sukari 3.2 mmol/L, imeshuka mno! Tukampa maji ya sukari. Siku za kemo (dawa za saratani), wanapomtia deksamethasoni, dawa ya steroidi, sukari hupanda hadi 18. Majirani wasema akatazwe wanga kabisa, nami naona atazidi kukonda. Mliouguza mgonjwa kama huyu, daktari aliwaruhusu kudunga baada ya kula? Kliniki ni Jumatatu, nataka niende na maswali.