Chinchila wangu amelowa kidevu na anatema chakula, ni meno au?

mama_mapacha (Ntinda)
Habari zenu jamani, naomba msaada kwa anayejua hawa wanyama. Nina chinchila, kale kamnyama kadogo ka jamii ya panya kenye manyoya mengi, bosi wangu wa zamani alimaliza mkataba akarudi kwao akaniachia na kizimba chake. Alikuwa mchangamfu, usiku anarukaruka mpaka watoto hawalali, ila siku hizi manyoya ya chini ya kidevu yamelowa yameshikana, na vimikono vya mbele pia, ukimpa peleti (chakula chake kikavu cha punje) anaishika vizuri anaitafuna kidogo kisha anaiachia, nyasi kavu hagusi, anataka zabibu kavu tu. Jicho moja linatoa machozi. Nikamfunua mdomo nikakuta meno ya mbele ni rangi ya chungwa kabisa, si ndo yameoza hayo? Jirani anasema niyapunguze na kikata kucha, mwingine anasema nimpe amoksilini ya duka la dawa. Nifanyeje?

sungura_mukono
Pole dada. Mimi nafuga sungura sio hao, lakini kikata kucha weka mbali kabisa, jino linapasuka kwa urefu mpaka kwenye mzizi na hapo unaongeza tatizo juu ya tatizo. Na yale ya mbele unayoyaona mara nyingi sio yenye shida.

kijana_wa_veti
Sungura kasema kweli. Rangi ya chungwa ndo afya yenyewe kwa chinchila mkubwa, yakiwa meupe ndo ushtuke. Ana meno 20 na yote yanaota maisha yake yote kama kucha, manne tu ndo yako mbele, hayo 16 mengine ni magego yako ndani huko na kamdomo kake kadogo huwezi kuyaona hata na tochi ya simu. Asipotafuna nyasi za kutosha magego hayasagiki, yanatoa ncha zinachoma ulimi na mashavu, mate yanamwagika, ndo huo unyevu wa kidevuni. Machozi nayo usiyadharau, mizizi ya juu ikirefuka inabana njia ya machozi. Mpapase taratibu chini ya taya, ukikuta vinundu ni mizizi ya chini inasukuma mfupa.
AMOKSILINI USIMPE!! Dawa za jamii ya penisilini kwa mdomo zinaua bakteria wazuri wa tumboni mwake, anaweza kufa kwa hiyo dawa kabla ya meno.

mama_mapacha
Mungu wangu, na vidonge nilikuwa nishanunua. Vinyesi vyake vimekuwa vidogo vidogo halafu vichache, hiyo nayo ni meno?

kijana_wa_veti
Hiyo ni kwamba chakula hakiingii, na ndo inayonitisha zaidi. Utumbo wa hawa ukikaa tupu unasimama, akimaliza siku nzima hajala ni dharura, usingoje Jumatatu. Loweka peleti kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iwe uji, mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, ameze kwanza ndo uongeze. Mpime kila siku kwa mizani ya jikoni, mzima huwa gramu 400 mpaka 600 hivi, ila cha kuangalia ni kama inashuka. Zabibu acha, ni sukari tupu.
Kesho piga simu kliniki ya wanyama wadogo Makerere, au yoyote ya karibu, uliza kama wamezoea sungura na kama wana eksirei. Kuangalia magego vizuri inabidi nusu kaputi. Ncha zinasagwa, lakini kama mizizi imesharefuka hairudi, utakuwa unarudi kusaga mara kwa mara, na wengine inafika mahali daktari anashauri kumpumzisha, yaani kumuua bila maumivu asiteseke. Nakwambia mapema usije ukashangazwa huko.

baridi_ya_kabale
Nyongeza: mpeleke asubuhi na mapema, asili yao ni milima ya Andes, joto likipita nyuzi 25 wanazidiwa, sasa foleni ya Kampala saa saba mchana ndani ya boksi juu ya boda ni kumuua. Funga chupa ya maji baridi kwa taulo uiweke pembeni yake.

sungura_mukono
Na nyasi, usihangaike na za nje za bei ya ajabu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanauza nyasi aina ya Rhodes iliyokaushwa kwa marobota, mimi sungura wangu wanakula hiyo. Nusa kwanza, ikinuka ukungu mrudishie mwenyewe.