Namuuguza mama, sasa mimi ndo silali. Naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa. Mama alipata kiharusi mwezi wa tatu, mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi, niko nae hapa Tanga mwenyewe. Namgeuza kila baada ya masaa mawili asipate vidonda kwahiyo usiku natega alamu, ila siku hizi naamka hata kabla haijalia, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, nasimama mlangoni gizani nasikiliza kama anapumua. Asubuhi taya zinauma kwa kusaga meno. Nimepimwa, presha na moyo viko sawa, wakasema ni wasiwasi nipumzike, sasa napumzika saa ngapi jamani?

Nesi Mstaafu: Pole sana mwanangu. Ukishamgeuza mama usijilaze hapohapo, kaa kwanza, mkono tumboni, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4 tumbo lipande, itoe polepole mpaka 6. Kazi kubwa iko kwenye kutoa, pumzi ikitoka taratibu na moyo nao unapunguza mwendo. Dakika 5 zatosha. Usivute kwa nguvu utapata kizunguzungu. Na fanya mchana pia ukiwa umetulia ili mwili uzoee, usingoje hofu ikukamate ndo uanze kujifunza. Kifua kikibana au ukizimia rudi hospitali haraka.

Babu Mdogo: Dada mimi nilimuuguza mzee, kilichonisaidia ni kukaza na kuachia. Kunja ngumi kaza sekunde 5, achia. Mabega pandisha mpaka masikioni, achia, hivyohivyo mpaka miguuni. Ni mbinu ya zamani, daktari Mmarekani Edmund Jacobson alikuwa anaifundisha tangu miaka ya 1920. Na ukiwa unakoroga uji, hebu angalia kama meno yamegusana, yaachanishe.

Mama Abuu: Yote sawa ila usiku wote hauwezi kuwa wako peke yako mdogo wangu. Ndugu ukiwaambia tu nisaidieni watakupa pole. Mtajie mtu siku yake.

Mleta uzi: Asanteni mno. Jana saa nane usiku nilijaribu ile ya 4 na 6, mara mbili nikapoteza hesabu nikaanza upya. Mama akauliza kwa ile sauti yake ya kukwama, unafanya nini, nikamwambia napumua, basi tukapumua wote. Mdogo wangu anakuja Jumamosi kulala yeye, masaa ya kumgeuza nimeshayaandika nimebandika ukutani.