Jezi ya besiboli ya miaka ya 1950: herufi zilifumuliwa, nianzie wapi?

sufu_kijivu
Wakuu, habari zenu. Nina jezi ya ugenini ya timu ya Ligi Kuu ya Marekani, flaneli ya sufu ya kijivu. Inaonekana baadaye ilipewa timu ya daraja la chini kama ilivyokuwa kawaida enzi hizo: jina la timu kifuani limefumuliwa, namba ya mgongoni imebadilishwa. Kwapani kuna jasho kavu rangi ya chai, na kwenye kola matundu manne ya nondo (wadudu wala sufu), kubwa kama punje ya mchele. Naomba utaratibu: niloweke kwanza, kisha nishone herufi za felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizogandamizwa) nyekundu?

vitobo
Mkuu, usiloweke! Sehemu iliyofunikwa na herufi haikupigwa jua, kwa hiyo imekoza kuliko pembeni yake, na sindano imeacha mistari ya vitobo. Hiyo ndiyo ramani yako, na maji yanaifuta. Zima taa, laza tochi usawa wa kitambaa; vitobo vitajitokeza. Piga picha rula ikiwa kando, halafu tandaza karatasi ya plastiki angavu ufuatishe kwa penseli laini. Wino hapana, ukipenya haung'oki.

Namba ya mgongoni, geuza jezi ndani nje, kata uzi kila mshono wa tatu, toa vipande kwa kibanio. Ukiivuta, sufu kuukuu itachanika kwenye mstari wa vitobo kama stempu. Usiitupe, ihifadhi pamoja na jezi.

nondo_adui
Kabla ya yote, ua mayai ya nondo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, ili unyevu uishie nje ya plastiki.

Jasho mimi ningeliacha. Ni ushahidi kwamba jezi ilivaliwa uwanjani, na wataalamu wanaothibitisha kama jezi ni halisi wanalitafuta. Kama lazima uoshe, dondoshea tone la maji yenye sabuni kila rangi, hadi lebo ya kola, kandamiza karatasi nyeupe ya kufyonza kwa dakika kadhaa. Ikitoka hata waridi hafifu, acha kabisa. Jiki huyeyusha sufu, na sabuni za vimeng'enya huila, maana sufu ni protini kama nywele. Maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile la kuoshea, na usisugue, la sivyo itajikunja na kusinyaa.

sufu_kijivu
Asante sana. Felti na uzi je?

vitobo
Felti ya sufu tupu. Ya akriliki inang'aa vibaya. Ipitishie mvuke kabla ya kukata isinyae mapema, na ipime kuvuja rangi kama alivyoeleza nondo_adui. Uzi wa pamba: wa poliesta una nguvu kuliko flaneli, ukivutwa kinachokatika ni kitambaa. Shona kwa mkono, sindano ipite vitobo vilevile vya zamani. Gundi usiiguse. Matundu ya kola yashikize kwa kiraka chembamba cha sufu upande wa ndani.

Na andika tarehe na kila ulichorudisha, karatasi hiyo iambatane na jezi hata ukiiuza. Kuificha kazi hiyo ni kumdhulumu mnunuzi.