Wakuu, historia ya kijiji cha Jasini niianzie wapi?

Mwanamkonge: Salaam wakuu. Wazee wanataka kijitabu cha historia ya Jasini, huku Mkinga, Tanga, karibu na mpaka wa Kenya, kurasa 40 hivi. Kila ninachosoma ni vita vya Mjerumani na Mwingereza vya 1915 tu. Kijiji chenyewe hakimo.

Karani Mstaafu: Mkuu, vita vilikuwa siku mbili, Januari 18 na 19. Vipe kurasa tatu, basi. Askari wa Kihindi waliokuwa wakilinda shamba la mkonge kwa upande wa Mwingereza walizingirwa, kamanda wao Kanali Raghbir Singh akauawa, risasi zikawaishia, wakasalimu amri. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishinda, lakini alipoteza maofisa wengi na kutumia risasi kama 200,000; ndipo akaona hawezi tena kupigana hivyo. Na Tom von Prince, yule ofisa wa Kijerumani, usimlete Jasini! Yeye alifia Tanga mjini, Novemba 1914, kwenye vita vile ambavyo nyuki waliwavamia askari.

Kwenye maandishi tafuta Jassin, Jassini na Jasin. Ukitumia tahajia moja utakosa mengi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, majalada ya Mjerumani yana herufi G. Ya Mwingereza tafuta chini ya Tanga, kisha Muheza, maana Mkinga ni wilaya ya juzi.

Bibi wa Visima: Hapo umepata habari za wazungu na shamba lao. Za kijiji ziko midomoni. Usimuulize mzee "mwaka gani?", atakubahatishia ili usiondoke mikono mitupu. Muulize: "Babu alikuwa ameshaoa Mwingereza alipoingia?" Tanga ilitekwa Julai 1916, homa kubwa ya mafua ikaja 1918, hivyo una vigingi viwili vya kupimia. Mwenye miaka 80 leo kazaliwa miaka ya 1940; ya 1915 kasimuliwa. Andika hivyo, "alisimuliwa na babu yake", usiandike "alishuhudia".

Mrekodi kila mmoja peke yake kwanza. Ukiwakusanya barazani, mkubwa akishasema, wengine wote wataitikia "ndivyo", na tofauti ulizozifuata zimepotea. Kisha tembea nao: kisima, mbuyu, makaburi, njia ya Vanga. Jina la mahali hukumbusha mengi kuliko swali. Kina mama usiwaache mwisho, visima ni vyao.

Uliza pia wenyeji ni nani. Wadigo, Wasegeju na Wavumba wana simulizi zao, ila mkonge ulileta vibarua kutoka bara. Uliza majina ya kambi na ngoma zilizochezwa huko. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: nani alihamishwa, kutoka wapi? Bila hilo ramani yako itadanganya.

Fundi Ramani: Nyongeza fupi. Maganda ya risasi yapige picha yakiwa palepale, weka rula pembeni. Usichimbe, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo. Kombora zima usiliguse kabisa, ita polisi.

Mwanamkonge: Ahsanteni sana. Koo tatu zinadai babu yao alikuwa askari. Nakubalije?

Bibi wa Visima: Uliza, "Alibeba au alipiga?" Kwenye vita vile wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na Kariakoo imepata jina kwao, yaani "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi. Akisema alibeba, uliza alibeba nini, wangapi walitoka hapo, na wangapi walirudi. Hayo ndiyo ya kijiji.